Mfuniko wa Mtungi wa Shangazi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, umeme ulikatika Kilosa nzima, na mpaka leo nasema ulikatika kwa wakati wake.

Nilikuwa kijana mwenye shahada ya uhandisi na asiye na kazi. Miaka ile viwanda vilikuwa vikibinafsishwa, na kile nilichotegemea kinipokee kilinunuliwa, kikafungwa, mitambo yake ikauzwa kama vyuma chakavu. Wenzangu walikimbilia Dar. Mimi, kwa kiburi ambacho bado nakitafutia jina la heshima, nikanunua baadhi ya vyuma vile na kuanza kujenga mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Niliijengea katika stoo ya shangazi yangu, Bi Mwanaidi, alimokuwa akihifadhi mahindi ya shamba lake la Tindiga.

Skrubu ndefu za mashine hiyo nilizitoa kwenye mashine kuukuu za kukereza vyuma. Skrubu ikizunguka, nati iliyofungwa chini ya meza hutembea juu yake, na meza husogea. Mota zilikuwa za servo, aina inayojirekebisha yenyewe, kila moja na enkoda mgongoni, jicho dogo linalohesabu mizunguko na kuiambia kompyuta mota imefika wapi. Nikajiona nimemaliza.

Mavuno yakafika. Shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mahindi yanakuja Jumamosi. Yatalala wapi?"

"Mashine iko tayari, shangazi. Inakosa kazi tu."

"Kazi hii hapa. Nichongee mfuniko wa mtungi wangu. Ukikaa vizuri kila nitakavyougeuza, stoo ni yako. Usipokaa, utatoa makorokoro yako humu, uende kwa mjomba wako Morogoro ukauze mabati."

Mfuniko, mwanangu, ni duara tu. Nikauchonga. Kioo cha kompyuta kikaonyesha duara safi kama sahani, lakini ubao ukatoka na mabega manne. Ukiuweka mtungini unakaa. Ukiugeuza kidogo, unakwama.

Nikalaumu ubao wa mninga kwamba haukukauka. Nikalaumu umeme. Nikawalaumu hata kuku wa shangazi kwa kutikisa sakafu. Jirani yetu Maduhu, mfugaji aliyekuwa akitubebea mahindi kwa mkokoteni wake wa ng'ombe, aliushika ule mfuniko akaangua kicheko.

"Injinia, huu ni mfuniko au ndama? Mbona una mabega?"

"Kompyuta inasema ni duara."

"Basi mtungi tuufunike na kompyuta!"

Ijumaa, nikiwa katikati ya mfuniko mwingine, umeme ukakatika. Kioo kikazima, kisu kikabaki ndani ya ubao. Ikabidi niizungushe skrubu kwa mkono ili nirudishe meza. Skrubu ikazunguka, meza imelala. Nikaongeza kidogo, ndipo meza ikashtuka na kufuata. Nikageuza upande wa pili, vilevile.

Nati ilikuwa imelika, inacheza juu ya skrubu! Kila mwendo ulipogeuka, mota ilitangulia peke yake, na enkoda ikaihesabia meza safari ambayo haikusafiri. Duara lina mahali panne ambapo mwendo lazima ugeuke, na hapo ndipo mabega yalipoota. Nilicheka kwa sauti mpaka shangazi akaja kuchungulia kama nimepagawa.

Nikachukua msumeno wa chuma, nikakata kila nati vipande viwili, nikaweka springi katikati ili kila kipande kiegemee upande wake wa meno ya skrubu, pasibaki nafasi ya kucheza. Kisha nikafungua printa mbovu, nikatoa jicho lake na utepe wenye mistari midogo ambayo jicho hilo huisoma, nikavifunga ubavuni mwa meza. Mwendo wa pili wa mashine, ule wa kukingama, nao nikaufanyia hivyohivyo. Tangu hapo kompyuta haikuuliza mota imezunguka kiasi gani. Iliuliza meza iko wapi.

Jumamosi alfajiri umeme ukarudi, nikachonga mfuniko mwingine, na nilipomaliza mkokoteni wa Maduhu ukasimama nje na magunia. Shangazi akauweka mfuniko mpya juu ya mtungi. Ukakaa. Akaugeuza, ukakaa. Akaugeuza kinyume, kwa uso wa mtu anayetafuta sababu. Ukakaa.

Akageukia mlango, akapaza sauti: "Maduhu! Shusha mahindi sebuleni. Makochi yatoke nje!"

"Na mimi nichongewe wangu," Maduhu akajibu, gunia begani, "ila usiwe ndama!"

Mwaka ule wageni wetu walikaa barazani, na milango yenye maua ya duara ikatoka stoo ile kwenda hoteli za Mikumi. Milango ile naipita hadi leo, na kila nikipita naigusa, watu wa mapokezi wakinitazama.

Nasaha yangu, mwanangu, ni fupi. Usijipime kwa jinsi unavyozunguka. Pima pale kisu kinapogusa ubao. Na ukibadili mwelekeo maishani, usishangae ikiwa kwa kitambo hakuna kinachosogea. Endelea kuzungusha, meza itafuata.

Mungu akupe mikono inayohisi kabla ya macho kuona, akujalie shangazi wa kuugeuza mfuniko wako bila huruma, na siku mfuniko huo utakapokaa, nyumba nzima ipishe mahindi kwa furaha yako. Amina.