Besi Niliyoipunguza Katesh

Sauti niliyokuwa naitafuta ni rahisi kuieleza na ngumu kuipata. Ni gitaa la rithimu la muziki wa metal, lenye mkwaruzo mwingi lakini lililobana. Ukigonga nyuzi nene huku umezilalia kwa ubavu wa kiganja, itoke ngumi moja fupi, kisha kimya. Kipimo ni hicho kimya. Kama baada ya ngumi kuna mngurumo unaoburuzika, bado hujafika, na mimi sikufika kwa mwaka mzima.

Nafundisha fizikia sekondari, na nimepanga chumba Nambis, wilayani Mbulu, kwa mama mmoja mjane mwenye shamba la mahindi na ng'ombe wawili. Amplifaya yangu ni ya zamani, ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka kwa nyuma, na ina geni ya kuamsha kata nzima. Geni ni kitufe kinachoongeza mkwaruzo. Wanaoanza hukizungusha mpaka mwisho, na mimi nilikizungusha mpaka mwisho, nikajaza besi, nikaziondoa sauti za kati karibu zote. Chumbani ilisikika kama lori linapandisha mlima. Nilijiona bingwa.

Watu ninaowajua wanaopenda muziki huu, Mbulu na Hanang zote mbili, ni wawili, na mmoja ni mimi. Wa pili alikuwa anaishi Katesh, mji wa Hanang. Tulikutana kwenye semina ya vijana wa kanisa. Wakati wa chai nilimsikia anagonga meza kwa vidole huku miguu ikienda mbio chini yake, nikamuuliza hiyo ameisikia wapi. Alicheka kama mtu aliyekamatwa. Kwao ni wafugaji wa tambarare za chini ya Hanang, yeye alikuwa anauza dawa za mifugo dukani, na Jumapili alipiga dramu kanisani, taratibu na kwa adabu. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana nitaenda na gitaa tupige pamoja.

Sikwenda. Alikuwa ananipigia simu.

"Kaka, lini?"

"Bado sauti haijakaa."

"Si uje nayo hivyo hivyo?"

"Siwezi kukuletea sauti ya uji."

Alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa namaanisha. Nina kiburi hicho: sipendi mtu aone kazi yangu kabla sijaimaliza. Kwa hiyo nilikaa na vitufe vyangu. Nilijifunza kushusha geni mpaka nusu, maana mkwaruzo mwingi ndio unaofanya mlio uburuzike. Nilitafuta pedali ya kupunguza besi kabla haijaingia kwenye amplifaya, ngumi ikaanza kubana. Kisha ukaja ugonjwa mwingine. Siku moja sauti imebana vizuri, kesho yake, vitufe viko palepale, imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nilibadilisha nyuzi. Nilibadilisha waya. Nilichora alama za kalamu kwenye kila kitufe, nikamshuku hata paka wa mama mwenye nyumba.

Wiki moja nilikuwa nafundisha kidato cha tatu mambo ya volti. Binti mmoja akauliza kwa nini taa za kwao hufifia mashine ya kusaga ikiwa kazini. Nilimjibu vizuri sana, kwa mchoro ubaoni, kwamba mota kubwa ikivuta umeme kwenye laini ndogo, volti hushuka kwa kila mtu aliye kwenye laini hiyo. Darasa likaandika. Nilikuwa nimeshatembea nusu ya njia ya kurudi nyumbani ndipo nikasimama katikati ya barabara. Mashine ya kusaga iko hatua mia mbili kutoka chumbani kwangu. Kwa miezi nilikuwa nahangaika na vitufe, kumbe ni mahindi ya majirani.

Niliazima voltimita ya maabara nikahakikisha. Mashine ikiunguruma, umeme unashuka na amplifaya inalegea. Ikizimwa, inabana. Na siku sita za wiki mchana ilizimwa kwa nadra, bila saa maalumu, na usiku amplifaya ingeamsha watu. Kwa uhakika ilipumzika Jumapili asubuhi tu, watu wote wakiwa ibadani. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Nikaaga kwaya, nikasema ni kwa muda.

Jumapili ya tatu mama mwenye nyumba alinikuta mlangoni, amejifunga shuka lake la baridi, Biblia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwalimu, unaumwa?"

"Hapana mama. Kuna kazi naimalizia."

"Kazi ya Jumapili?"

Akaniangalia kidogo. "Wanakwaya wamekuulizia," akasema, akateremka kanisani na wenzake.

Baada ya hapo kilima chote kilikuwa kitupu. Nyumba zimefungwa, ng'ombe wawili wanatafuna, na kwa mbali kwaya inaimba bila gitaa. Nilikuwa mpweke kweli kweli, na kilichonikera zaidi ni kwamba hakuna aliyenifukuza. Nilifunga dirisha nikawasha amplifaya.

Niliipata Jumapili ya sita au ya saba. Ngumi, kimya. Ngumi mbili, kimya. Nilipiga wimbo mzima niliotunga, na kila nilipozima nyuzi mlio ulikatika kama umekatwa na kisu. Nilicheka peke yangu chumbani. Nikasubiri ibada ya Katesh iishe, nikampigia.

"Imekaa," nikamwambia.

"Hongera, kaka. Na mimi nilitaka kukupigia. Nimepata kazi Songea. Jumamosi ijayo ndiyo Jumamosi yangu ya mwisho hapa."

Jumamosi hiyo niliifunga amplifaya kwenye blanketi, bodaboda mpaka Mbulu mjini, basi mpaka Babati, jingine mpaka Katesh. Konda aliniuliza kama ni jokofu. Rafiki yangu alinipokea stendi, akabeba upande mmoja na mimi upande wa pili mpaka kanisani, ambako alikuwa ameachiwa funguo. Dramu zilikuwa mbele, zimefunikwa kitambaa. Nilichomeka, nikaweka vitufe kwenye alama zangu, nikapiga ngumi moja ili aone. Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akahesabu, tukaanza.

Hatukumaliza hata ubeti. Aliinua fimbo.

"Sikusikii."

"Niongeze sauti?"

"Sauti ipo. Ila sikusikii, na dramu kubwa ya mguu siisikii pia. Besi yako imekaa kwenye kiti changu."

Nilikasirika, sitaficha. Mwaka mzima, na kwaya nimeiacha, halafu mtu aniambie hivyo kabla jasho halijamtoka. Aliniomba ruhusa, akachuchumaa mbele ya amplifaya. Besi akaishusha mpaka karibu kuimaliza. Sauti za kati, zile nilizozitupa siku ya kwanza, akazirudisha na kuziongeza. Nikapiga. Ikatoka sauti nyembamba ya puani, kama redio ndogo ya shambani.

"Hii ni mbaya," nikasema.

"Usiisikilize peke yake. Piga."

Akahesabu tena. Mguu wake ulipogonga, ile besi niliyokuwa naililia ikatoka kwenye dramu yake, na gitaa langu likakaa juu yake, limebana kuliko lilivyowahi kubana Nambis. Kila ngumi yangu ilikuwa na ngumi yake ndani. Nilipozima nyuzi, yeye naye alizima, na kanisa zima likanyamaza pamoja nasi. Nilihisi machozi, nikajifanya naangalia pedali.

Tulipiga mpaka mikono ikauma. Alipokuwa anajifuta shingo kwa fulana, akasema, bila kunilaumu hata kidogo, "Ungekuja mwaka jana, hili tungelimaliza siku hiyo hiyo." Nilikuwa nakunja waya. Niliendelea kukunja.

Kwenye basi la kurudi ndipo nilipokumbuka kwamba hatukurekodi. Nilimtumia ujumbe. Akajibu kwamba alidhani mimi ndiye niliyeweka simu irekodi.

Nimerudi kwaya, walinipokea bila maneno. Jioni nyingine nawasha amplifaya, mashine ya kusaga iwe inafanya kazi au isifanye. Vitufe viko pale alipoviweka, na chumbani sauti ni mbaya, nyembamba, ya puani. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama imeharibika, nikamwambia hapana. Kwenye wimbo ule tuliopiga Katesh kuna sehemu gitaa linanyamaza kabisa na dramu inajibu. Nikifika hapo nazima nyuzi, nahesabu mpaka nane, kisha naendelea.