Jani la Sale kwa Mama Yangu

Nyumba ya kwanza kuezekwa bati huku kwetu mlimani ni yangu, na wala sikurithi hata msumari. Shule niliionja tu, nikatoroka kwenda Tanga kukata mkonge, na huko mkongeni ndiko nilikopata Kiswahili hiki ninachokiandika. Leo mahindi ya Kikwe, huko chini yetu, hayafiki Arusha mjini bila kupanda lori langu. Nayasema haya mapema ili ujue kwa nini yule kijana wa Kizungu, alipokuja kujifunza lugha yetu, aliletwa kwangu, si kwa mwalimu wala kwa mchungaji.

Alikuwa mwembamba, nywele kama ndevu za mahindi, ametoka chuo kikuu cha kwao Uingereza. Wazungu niliokuwa nawajua ni wa mashamba ya kule Usa River na wa ofisi ya serikali. Wale walikuja kutuambia. Huyu alikuja kutuuliza. Nikampa chumba cha mbele, kisha nikampeleka kwa mama yangu, maana Kimeru cha zamani, kile kisichochanganywa na kitu, kilikuwa kimebaki kinywani mwake.

Wakapatana upesi. Kila asubuhi alimfuata migombani, naye mama akamwonyesha ndizi za kuchoma, ndizi za kupika, na masale tunayopanda mipakani, yale yenye majani marefu. "Ukimkosea mtu," mama alimwambia, nami nikatafsiri, "mpelekee jani la sale lililofungwa fundo. Hawezi kukukataa, hata awe na hasira gani." Kijana akarudia kwa Kimeru, na mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu huyu anatafuna maneno kama ng'ombe kibogoyo!"

Jioni tulikaa barazani kwangu, mimi na yeye. Siku moja aliniambia, "Mzee, kwetu mimi ni mcheshi. Hapa sina hata utani mmoja. Watu wananisubiri nimalize neno kama wanavyomsubiri mtoto afunge kifungo."

Nikamwambia habari za Tanga. Nilipofika nilijua neno moja tu, ndiyo, na kwa sababu ya hiyo ndiyo kila mzigo mzito ulikuwa wangu. Akacheka. "Basi, mzee, tumesoma chuo kimoja." Nimesifiwa sana maishani, lakini ile ndiyo sifa niliyoiweka moyoni.

Sasa, walimu wake walikuwa wamempa maswali ya kuuliza. Asubuhi moja, nami nipo nakunywa maziwa, akamwuliza mama mwenyewe kwa Kimeru, bila kupitia kwangu: umezaa watoto wangapi, walio hai na waliokufa? Hata kukohoa nimzuie sikuwahi. Kwetu mtoto hahesabiwi. Kumhesabu ni kukiita kifo kije kichague.

Mama akaweka panga chini. "Watoto wanahesabiwa kama mbuzi?" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Kijana alikuwa karibu kusafiri, na bila mama kazi yake ilikuwa bure kabisa. Lakini hakuililia kazi. "Alikuwa ananiita mwanangu," aliniambia, chakula kimepoa mbele yake. "Sasa ananipita kama nguzo."

"Niachie mimi," nikasema. Nani asiyejua ninavyosikilizwa? Nikampelekea mama kitambaa cha mjini, nikaongeza na sukari. Akapokea vyote. "Sukari nitakunywa," akasema. "Kusema sisemi."

Mke wangu alinicheka waziwazi. "Mabwana wakubwa wote wa mjini umewaweza, mume wangu. Umeshindwa na bibi mmoja!"

Kesho yake kijana alitoka mapema, hakuniita nimtafsirie. Nikamfuata kwa nyuma, nikajificha migombani. Mama alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Kijana akainama, akamnyooshea kwa mikono miwili jani la sale lililofungwa fundo. Fundo lenyewe baya, limelegea.

Mama akalitazama. "Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Wewe ulinifundisha."

Akalipokea. Angefanyaje? Sale halikataliwi. Akalichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango, akarudi kumenya. Kisha, bila kuinua macho, akamwuliza, "Na mama yako? Amezaa wangapi?"

Nilijua kitu ambacho mama hakukijua: kaka wa kijana huyu, ndugu yake wa pekee, alikwenda vitani na ndege na hakurudi; aliniambia barazani. Nikataka kutoka mafichoni nimjibie mimi.

"Mama hahesabu," akasema, polepole, kwa kile Kimeru chake cha kutafuna. "Lakini mezani bado anaweka sahani ya kaka."

Kisu cha mama kilisimama. Akainuka, akamshika kijana mkono, akampeleka katikati ya migomba, pale penye mashina mawili ya masale yasiyo mpakani mwa mtu yeyote. Maisha yangu yote nimeyapalilia nikidhani ni mpaka wa zamani. Mama akagusa la kwanza, akataja jina. Akagusa la pili, akataja jina. Yote ya kiume, wala sikuwahi kuyasikia.

"Hawa ndio waliotangulia," akasema. Akanigeukia nilipojificha. "Huyu mwenye maneno mengi alikuja baadaye."

Mimi! Mimi niliyejitapa kila kikao kwamba ndimi kifungua mimba! Kijana hakuandika kitu. Penseli yake ilibaki sikioni. Walirudi mlangoni, mama akampa kisu cha pili, wakamenya ndizi pamoja, naye akaanza kumsahihisha. "Sio hivyo, mwanangu. Sema tena."

Nilibaki migombani peke yangu. Mtaa mzima hunipa shikamoo, hata wanaonizidi umri kidogo hujisahau wakanipa. Nikatazama nyuma kama kuna mtu ananiona. Kisha nikavua kofia, nikawapa kaka zangu shikamoo.