Jirani Aliyemsuka Mama

Juzi nilimwona mjukuu wangu akimsuka mama yake, nikamkumbuka Mama Paskalina, jirani yetu wa Lipangalala nilipokuwa mtoto.

Mama yangu alikuwa akibadilika ghafla: asubuhi ananikumbatia, mchana ananifukuza akilia kwamba simpendi. Alasiri moja alikuwa amevunja chungu cha wali. Mama Paskalina alikuja, akamkalisha mkekani, akaanza kumsuka taratibu. Mafuta ya nyonyo yalinuka barazani. Mama akacheka, kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata. Niliona wivu. Nilidhani jirani ananiibia mama.

“Njoo mwanangu, ushike chanuo,” Mama Paskalina akaniita.

“Sitaki! Rudi kwako!”

Hakukasirika, kesho yake alikuja tena. Sasa najua alitaka kunifundisha namna ya kukaa na mama kila moyo wake ulipovurugika, nami nilichelewa kujifunza.