Nilimpambia mama chumba kwa vitu vya asili, akaniuliza daktari kasema nini

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Najua humu mtu akileta kisa mnaanza kuulizana vikombe viko wapi. Leo hakuna chai. Haya yamenikuta mwenyewe, nyumbani kwangu Bagamoyo, na mhusika mkuu yuko hapo barazani ananiuliza naandika nini muda wote huu.

Mama yangu ana pumu. Amekaa kijijini Fukayosi maisha yake yote, na tangu mzee atangulie mbele ya haki anakaa peke yake. Juzi juzi kifua kikambana vibaya, jirani akamkuta ameshikilia nguzo ya baraza, hata kuita hawezi. Akalazwa, akapata nafuu, akatoka.

Nikamwomba aje akae kwangu, karibu na hospitali. Mama ni mbishi, wakuu, na mimi nimerithi hapo hapo. Akasema, "Nakuja siku saba. Nisipopazoea unanirudisha kwangu, na sitaki maneno."

Siku saba ndiyo nafasi niliyopewa. Nikajiapiza kwamba akiingia chumba nitakachompa atapenda mwenyewe asitake kutoka. Nilikuwa namwogopea, nasema ukweli. Kila simu ya kutoka Fukayosi ikiita moyo unaruka.

Daktari alisema aepushwe na harufu ya rangi mpya, zulia linaloshika vumbi na dawa za kupuliza. Nikaingia mtandaoni kutafuta, nikakutana na haya mambo ya kupamba nyumba eco-friendly. Vitu vya asili, hakuna plastiki, hakuna kemikali. Nikanogewa.

Zulia nje. Maua ya plastiki ya mke wangu nje (hapa palikuwa na kesi, tuyaache). Ukuta nikapaka chokaa, nikaacha madirisha wazi wiki nzima. Mapazia ya nailoni nikayang'oa, nikaenda dukani kutafuta pamba tupu.

Muuza vitambaa akanitolea bafta nyeupe. Kabla hajapima akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanamke au mwanaume?"

Nikamwona jamaa yuko makini kweli kweli. Kumbe mapazia ya chumba cha mwanamke yana vipimo vyake! Nikamjibu, "Mwanamke. Ni mama yangu."

"Pole sana, ndugu yangu."

Nikamwambia nishapoa. Jua lilikuwa kali siku hiyo na nilikuwa nimelowa jasho, nikajua pole ni ya jua.

Siku nyingine nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza mikeka. Nikamwambia nataka ukindu mtupu, mweupe, usiotiwa rangi hata kidogo. Akanitazama.

"Yuko wapi?"

"Yuko Fukayosi. Kesho namfuata, namleta huku huku."

"Haya baba. Mwenyezi Mungu amsitiri."

Nikaitikia amina. Njia nzima nasifu moyoni, watu wa mji wetu bado wana utu, mtu hamjui mama yako lakini anamwombea dua.

Kikabaki kitu kimoja, mende. Dawa ya kupuliza hairuhusiwi. Nikanunua kafuri, nikaweka vipande kabatini na chini ya kitanda.

Wenzangu wa pwani nadhani mmeshashika vichwa. Wa bara subirini kidogo.

Mtauliza, wewe mtoto wa Kikwere, umezika watu wangapi, hukuona? Sikuona. Kila kitu nilinunua siku yake na duka lake, na akili yangu ilikuwa kwenye pumu. Mke wangu ni Mnyaturu wa Singida, mambo ya huku anayajua kwa kuhadithiwa na mimi, na mwalimu mwenyewe ndiye huyu mnamwona.

Nikamleta mama. Njiani kachangamka, ananionyesha mashamba ya watu na kunisimulia nani kauza na nani kagombana na nani. Tukafika, mke wangu akapiga magoti kumwamkia, marahaba, marahaba, vicheko. Nikamshika mkono hadi mlangoni kwake, nikafungua kama mtu anayefungua zawadi.

Mama akasimama.

Akatazama ukuta. Akatazama dirisha. Akatazama mkeka niliotandika juu ya kitanda, mweupe unang'aa. Akavuta hewa puani, taratibu. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa pale mlangoni, ndani hakuingia.

"Mwanangu," akasema, "daktari kakwambia nini ambacho mimi sikuambiwa?"

Sikumwelewa. Nikasema hakuna kitu mama, umepona.

"Usinifiche. Mimi siogopi. Mkeka mweupe huo. Bafta hiyo. Kafuri naisikia tangu hapa mlangoni." Akanishika mkono. "Kama siku zenyewe ni chache nirudishe Fukayosi, nikafie nyumbani kwangu."

Kwa ndugu zangu wa bara: vitu hivyo vitatu kwetu ndivyo tunavyomwandalia maiti. Bafta ni sanda, kafuri anapakwa, mkeka mweupe ndio anaolazwa juu yake. Mimi nilikuwa nimemkaribisha mama yangu mzazi kwenye mazishi yake, tena kwa tabasamu.

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima nimekaa sakafuni, kichwa nimeweka kwenye mapaja ya mama, nalia. Na nilivyolia ndivyo alivyozidi kuamini kwamba anakufa! Akaanza kunibembeleza yeye. "Nyamaza baba, ni amri ya Mungu."

Nikaona hapa nisipoeleza vizuri nitamuua kweli. Nikamsimulia yote, kuanzia zulia. Nilipofika kwa muuza vitambaa akanikatiza.

"Alikuuliza mwanamke au mwanaume?"

"Ndiyo."

"Ukamjibu?"

"Mwanamke. Akanipa pole, nikamwambia nishapoa."

Mama akacheka mpaka kifua kikaanza kubana, mke wangu akakimbilia dawa ya kuvuta. Alipotulia akanitazama nilivyokaa pale chini, akacheka tena.

Lakini kulala mle alikataa. Alilala kwa wajukuu.

Asubuhi akachukua usukani wa project. Kafuri ikatupwa, kabatini tukaweka majani ya mrehani yanayonukia. Dirishani akatundika kanga zake kuukuu, zile alizokuwa akitubebea sisi mgongoni. Bafta akaikunja, sikujua kaipeleka wapi. Kisha akataka ukindu, manjano ya jikoni, na mizizi ya mdaa, ule mti unaotoa rangi nyeusi.

Akaufumua mkeka wangu wote. Akachemsha rangi, akasuka kili mpya, ile mikanda inayoshonwa kuwa mkeka, za njano na nyeusi, akawa anazishona katikati ya zile nyeupe. Alisema ukindu hauna kosa lolote, kosa ni la aliyeununua. Mke wangu akakaa pembeni anajifunza, vidole vimekuwa vya njano.

Siku ya nane ikafika. Nikajikaza nikamuuliza.

"Utanirudishaje na mkeka haujaisha?"

Nikaanza kuuombea mkeka usiishe. Msinicheke. Nilikuwa nikirudi kazini cha kwanza natazama umefika wapi, na ukiwa umesogea nanyong'onyea.

Ukaisha. Mzuri ajabu. Akautandika kitandani kwa mkono wake, akapiga pasi kanga yake ya safari, akasema kesho nimpeleke Fukayosi.

Sikubisha. Aliniambia mapema hataki maneno.

Asubuhi nikaingia kumfungia mizigo. Nikafungua kabati, na kule chini kabisa, imefungwa vizuri kwenye kanga, nikaiona ile bafta. Nikamwambia, "Mama, hii umeisahau."

"Sijaisahau. Nimeipima, inanitosha. Usije ukanunua tena."

Nikasema basi niitie kwenye begi.

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto mgumu kufundishika. "Sanda yangu niipeleke Fukayosi kufanya nini, na mimi nakaa hapa? Twende, nikampe jirani ufunguo, nichukue na kuku wangu."

Wakuu, nikairudisha bafta pale pale chini, nikafunga kabati.

Nilichojifunza: mtu mzima usimpambie chumba, mpe chumba apambe mwenyewe, wewe beba ukindu. Vitu vya asili vimejaa kwetu na vina lugha yake, kaulize wanaoijua kabla hujaenda mtandaoni. Na muuzaji akikupa pole, tafadhali muulize pole ya nini.

Waliowahi kuwahamishia wazazi kwao, mlifanyaje wakakubali? Na anayejua dawa ya mende isiyo kafuri aje hapa haraka, maana kuku wameshindwa kazi.