Mayai ya Mjusi Karibu na Mafiga

Juzi niliona kwenye simu kijana mmoja akitotolesha mayai ya mijusi sebuleni kwake, watu wakimsifu. Hasira ya zamani ikanipanda upya.

Nilikuwa mtoto, kwetu Itiryo. Mama alikuwa akipalilia mihogo, jembe lake likafukua mayai meupe, laini kama ngozi, ya yule mjusi wa kichwa chekundu. Niliyafukia kwenye chungu cha mchanga karibu na mafiga, nikawa nayanyunyizia maji. Yalivimba. Nilidhani yananenepa kwa sababu ninayaimbia. Sasa najua yalikuwa yanafyonza unyevu.

Mchana mmoja jikoni kulinukia moshi na ugali wa mtama. Yai moja likapasuka, pua ndogo ikachungulia. Nilipiga kelele za furaha. Baba mdogo, aliyekuja kututembelea, akaingia.

"Mnafuga mkosi ndani ya nyumba?" akafoka, akayazoa mayai yote na kuyatupa motoni. Yalilia kama mahindi yanayokaangwa.

"Wewe ni mbaya!" nilimwambia.

Mama akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi, nami nikadhani ni moshi. "Mwombe baba yako mdogo msamaha," akasema taratibu.

Nilikataa. Nikachapwa, nikakataa. Nikanyimwa chakula, bado nikakataa.

Baba mdogo amezeeka sasa. Nikienda nyumbani ninamwamkia shikamoo na kumwandalia chai, kama inavyotakiwa. Lakini samahani ile hajaisikia, na hataisikia.