Mfupa Mpya wa Fundi Kyakimwa

Saa moja asubuhi, mtaani Beu mjini Beni, Bénite Kyakimwa anakanyaga pedali ya cherehani yake kwa mguu wa kushoto. Anasimama kidogo, anausikiliza mguu, anakanyaga tena. Kibarazani ameweka viti viwili vya wateja, amevipangusa vumbi, na vyote viko tupu.

Fundi huyu wa nguo za kike, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, zamani hakukosa watu. Wanakwaya walishonewa sare hapa, kisha wakajikalia kupiga soga mpaka jua likapoa. Siku hizi wanapita ng'ambo ya barabara na salamu zao za mbiombio.

Masaibu yalimkuta akirudi shambani, njia ya Eringeti, alipopigwa risasi na watu wenye silaha wanaovamia mashamba. Muundi wake wa kushoto ulisagika, ukaacha pengo ambalo mfupa peke yake usingeweza kuliziba. Akapelekwa Butembo, akalazwa miezi mingi bila mtu wa kumuuguza. Mumewe, Onésime, alikuwa amekwama Kayna, mji wa mbali kusini, na barabara haikuwa ya kuaminika.

Madaktari walichota uboho nyongani mwake, wakauchanganya na punje nyeupe za kauri ya kiwandani, ngumu kama kigae, zenye vitundu vingi, wakajaza pengo. Katika uboho mna seli-shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka mfupa. Punje zile huzipa mahali pa kushika na kujengea.

“Docteur aliniambia ni kama ile miti bamaçon banapandaka juu yake bakijenga étage,” anasema Kyakimwa, akimaanisha jukwaa la waashi wanaojenga ghorofa. “Lakini hii, mwili inaikula polepole, mufupa ndiyo inabakia.”

Alipofunguliwa plasta aliomba punje zilizosalia, akapewa kichupa. Akarudi Beni kwa magongo, na Jumapili ya kwanza akasimama kanisani kutoa ushuhuda, kama ilivyo desturi ya aliyeponywa. Akainua kichupa juu, akasema Mungu amempa mfupa mpya.

Hakuna aliyeitikia amina. Wakati ule maiti zilikuwa zikiokotwa mashambani, nyingine zimepungua viungo. Mama Malachie, ambaye mwanawe alizikwa hivyo, aliinuka kwenye benchi la mbele na kuuliza kwa sauti ya chini: “Hiyo ni mifupa ya mutoto wa nani?”

Kyakimwa alieleza kwamba punje zinatengenezwa kiwandani. Wapi! Kufikia jioni Beu nzima ilishajua kuwa fundi anatembea na mfupa wa marehemu, na nani atakubali kupimwa gauni na mtu wa namna hiyo? Alikuwa akishona magauni saba kwa wiki. Leo akipata mawili anashukuru. Upweke, anasema bila kuficha, umemuuma kuliko risasi.

Kwa muda mrefu aliwalaumu wote, na Mama Malachie kuliko wote. Mwezi uliopita alirudi Butembo kupigwa picha ya mfupa, akaambiwa pengo limeziba na magongo anaweza kuyatupa. Akiwa njiani kurudi nyumbani, gari lilipita penye msiba, majirani wameketi chini na wafiwa. Hapo ndipo moyo ulipomshtuka.

Huku, kwenye msiba jirani huenda kuketi, hata kama hana la kusema. Malachie alipozikwa, Kyakimwa alikuwa kitandani. Lakini aliporudi hakupita kwao kutoa pole. Alikwenda moja kwa moja kanisani na kichupa chake.

“Mimi sikumuliliaka mutoto wake,” anasema, machozi yakimlengalenga. “Nikasimama mbele yake, nikifurahia mufupa yangu. Hata mimi ningeuliza.”

Kesho anapanga kupanda kilima mpaka kwa Mama Malachie, bila gongo na bila picha ya hospitali. Hana nia ya kumweleza habari za kauri wala seli. Anataka tu kuketi naye chini, alie kilio alichokikosa.

Na akifukuzwa mlangoni?

“Akinifukuza, nitarudia,” anajibu. “Sasa niko na mguu ya kurudia.”