Meli Iliyomsubiri Mstaafu

Asubuhi ile tulimpandisha dada yangu melini pale Nansio, kisiwani kwetu, akiwa na uchungu tangu jana yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na daktari alitaka akapasuliwe Mwanza. Muda wa kuondoka ulifika ukapita, meli ikabaki gatini.

Mama alimfuata karani wa meli. "Mwanangu anavuja damu. Tunasubiri nini?"

"Tunamsubiri Mheshimiwa, mama. Yuko njiani anatoka kwake kijijini."

"Si alishastaafu?"

"Alistaafu uwaziri," karani alisema bila kumtazama. "Akipiga simu bado inapokelewa."

Alifika baada ya zaidi ya saa nzima, na magari mawili ya serikali na mlinzi wake. Alipoiona machela aliyolazwa dada alisimama.

"Shikamoo," mama alimwamkia, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, baba."

Alisema poleni sana, magari yake yakaingizwa melini, naye akapanda juu daraja la kwanza.

Mtoto alizaliwa katikati ya ziwa, mikononi mwa muuguzi tuliyesafiri naye. Alikuwa wa kiume, na hakulia. Muuguzi alimpulizia pumzi mpaka akachoka, kisha akamfunika kwa kitenge cha mama.

Tulipofika Mwanza tuliambiwa tungoje, magari ya Mheshimiwa yatangulie kushuka. Mama alisimama amembeba mjukuu wake mikononi.

Dada alipona. Mtoto tulimzika hukohuko Mwanza, Mkolani kwa shangazi, kwa sababu baba yetu alikataa arudishwe nyumbani na meli ile.